Chanjo asilimia 172: kisa cha zahanati moja ya Eastlands

Zahanati ya umma upande wa Eastlands, Nairobi, hupeleka ripoti zake kwa wakati bila kusukumwa. Robo ya kwanza ya mwaka ilipofungwa, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, KHIS, ulionyesha kwamba imewapa dozi ya tatu ya Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, asilimia 172 ya watoto wake wa chini ya mwaka mmoja. Kiwango cha watoto walioachia njiani kati ya Penta ya kwanza na ya tatu kilisomeka hasi 17, yaani waliomaliza walikuwa wengi kuliko walioanza. Katika kikao cha kaunti ndogo watu walicheka kidogo, mmoja akasema "hizo ndizo data za Nairobi", kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Kicheko hicho ndicho hasa kinachochambuliwa hapa. Kisa kimeundwa kutokana na makosa yanayojirudia katika vituo vya aina hii, na nambari za kituo ni za mfano, zimepangwa ili msomaji aweze kufuata hesabu mpaka mwisho. Fomu, ratiba ya chanjo na jinsi mfumo unavyokokotoa ni mambo halisi.

Nambari inapopita

Mtoto wa Kenya hupata Penta akiwa na wiki 6, 10 na 14. Muuguzi anapomdunga, anaandika mahali patatu: kwenye kijitabu cha mama na mtoto ambacho mama huenda nacho nyumbani, kwenye rejista ya kudumu ya chanjo (MOH 510) ambamo kila mtoto ana mstari wake na kila dozi ina safu ya tarehe, na kwenye karatasi ya kuhesabia (MOH 702) ambako anakata kijiti kimoja kwa kila dozi. Mwisho wa mwezi vijiti hujumlishwa na kuhamishiwa kwenye muhtasari wa mwezi, MOH 710. Muhtasari unatakiwa ufike kaunti ndogo kufikia tarehe 5, na data ziwe zimeingizwa kwenye mfumo kufikia tarehe 15.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: rejista haiingii kabisa kwenye njia ya nambari. Kinachofika kwenye mfumo ni vijiti. Rejista inabaki kabatini ikiwa shahidi ambaye hakuna anayemwita, na ndiyo pekee yenye jina, tarehe na nambari ya simu ya mlezi.

KHIS inatumia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mizizi yake iko Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, serikali mpya ilipokuta idara za afya zilizogawanywa kwa rangi na fomu zisizolingana. Wanorwe walioshiriki walikuja na desturi ya kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kristen Nygaard, mwanasayansi wa kompyuta, alikuwa amefanya kazi na chama cha wafanyakazi wa vyuma cha Norwei ili watu wa karakana wawe na sauti katika kuamua kompyuta ziingieje kazini mwao. Toleo la kwanza la DHIS lilikaa kwenye kompyuta moja moja, likitumia Microsoft Access. Kenya ilipoanza kutumia DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, ikianzia Pwani, ilichagua seva moja ya kati na modemu za simu badala ya kusakinisha programu kila wilaya. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kabla yake wilaya zilikuwa zikituma faili za Excel, na faili moja ikichelewa au ikibadilishwa safu, jumla ya taifa ilivurugika.

Lakini seva ya kati haijui kama kijiti kimekatwa mara mbili.

Hatua ya kwanza: kuhesabu upya, si kubishana

Idadi lengwa ya zahanati hii, yaani watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaokadiriwa kuwa wake, ni 480 kwa mwaka. Ripoti zake za robo ya kwanza zilikuwa hivi, pamoja na kilichopatikana baada ya rejista kuhesabiwa upya:

| Mwezi | Penta 1 (ripoti) | Penta 3 (ripoti) | Penta 3 (rejista) |
|---|---|---|---|
| Januari | 58 | 66 | 66 |
| Februari | 55 | 71 | 52 |
| Machi | 61 | 67 | 58 |
| Jumla | 174 | 204 | 176 |

Penta ya kwanza ilikubaliana na rejista. Ya tatu ilikuwa imezidi kwa dozi 28. Ukigawa 176 kwa 204 unapata 0.86. Kwa kawaida uwiano huu huhesabiwa kuwa salama ukiwa kati ya 0.90 na 1.10. Chini ya hapo, kituo kimeripoti zaidi ya kilichofanya, na juu ya hapo kimejipunja.

Kuhesabu upya kuna namna yake. Wanakaa watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na rula inashushwa mstari kwa mstari. Kinachohesabiwa ni tarehe iliyo kwenye safu ya Penta 3, si mwezi ambao mtoto aliandikishwa. Hapo ndipo wasimamizi wengi wanapokosea: wanafungua kurasa za Februari, wanahesabu watoto wa kurasa hizo, wanatangaza kwamba rejista na ripoti "haviingiliani". Mtoto aliyeanzia hapa na kupata Penta 3 mwezi Februari kwa kawaida aliandikishwa Desemba au kabla, kwa hiyo mstari wake uko nyuma kurasa nyingi. Kwa Penta 3 rudi nyuma angalau miezi sita. Kwa surua-rubela ya kwanza, inayotolewa miezi 9, rudi mwaka mzima. Na hesabu kwa penseli pembeni, usiweke alama ya tiki ndani ya safu, kwa sababu atakayekuja baada yako ataidhania ni dozi.

Februari: dozi 19 za ziada

Kilichoishtaki Februari ni leja ya chanjo, kitabu cha kuandikia chupa zinazoingia na kutumika. Chupa ya Penta inayotumika hapa ina dozi 10. Februari zilifunguliwa chupa 17, yaani dozi 170. Ripoti inasema zilitolewa Penta 1 dozi 55, Penta 2 dozi 54 na Penta 3 dozi 71, jumla 180. Haiwezekani kutoa dozi 180 kutoka kwenye 170, hata kama hakuna tone lililomwagika. Baada ya kuhesabu upya jumla ikawa 161, na dozi 9 zilizobaki, kama asilimia 5, ni upotevu wa kawaida kwa chanjo hii ya maji, ambayo chupa yake iliyofunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28 ikitunzwa kwenye baridi inayotakiwa na muda wake ukiwa haujaisha. Ingekuwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) au surua-rubela, ambazo huchanganywa na kumwagwa baada ya saa 6, upotevu ungekuwa mkubwa zaidi na hesabu hii isingebana namna hii. Kwa chanjo hizo leja ni shahidi dhaifu.

Dozi 19 zilitoka wapi? Mwezi huo kituo kilipeleka kliniki ya siku moja kwenye uwanja wa kanisa, mahususi kwa watoto waliokosa dozi ya tatu, kwa orodha iliyoletwa na wahamasishaji wa afya ya jamii. Muuguzi aliyekwenda alikata vijiti kwenye karatasi yake ya MOH 702. Aliporudi kituoni aliandika watoto kwenye rejista, jambo sahihi, kisha akanakili vijiti vilevile kwenye karatasi ya kituo ili "siku isiwe tupu". Mwisho wa mwezi mwenzake alikuta karatasi mbili na akazijumlisha zote. Kila mmoja alifanya kinachoonekana kuwa sawa akiwa peke yake.

Kwa kosa hili, kulinganisha chanjo na chanjo hakusaidii. Chanjo ya nimonia ya tatu, inayotolewa siku moja na Penta ya tatu, nayo ilikuwa imehesabiwa mara mbili, kwa hiyo mistari miwili kwenye MOH 710 ilikubaliana vizuri kabisa, ikiwa na uongo uleule.

Dawa yake ni sheria moja inayobandikwa ukutani: karatasi ya kliniki ya nje haihamishwi vijiti. Inapigwa stepla nyuma ya karatasi ya kituo ya siku hiyo, na jumla ya siku inaandikwa mara moja chini, ikiwa na saini ya aliyejumlisha.

Machi: mstari uliokopwa

Machi ilikuwa kinyume. Leja haikuona kitu: chupa 19 zilifunguliwa, dozi 190, na ripoti inasema 184. Panaonekana pako sawa.

Kilichofichua ni kuishiwa. Leja hiyohiyo inaonyesha kituo hakikuwa na Penta kwa siku 3 za mwezi huo, huku chanjo ya nimonia ikiwepo na ikitolewa. Basi dozi za nimonia lazima ziizidi Penta. Tazama muhtasari: nimonia ya kwanza 70 na Penta ya kwanza 61, nimonia ya pili 63 na Penta ya pili 56, nimonia ya tatu 67 na Penta ya tatu 67. Mistari miwili ya mwanzo ina pengo linaloeleweka. Wa tatu hauna. Karatasi ya vijiti inasema 58, na rejista inasema 58. Aliyejaza fomu jioni aliruka mstari na kuandika 67 mara mbili.

Kosa hili halikemewi kwa semina. Linapunguzwa kwa kumfanya mtu wa pili asome karatasi ya vijiti kwa sauti huku wa kwanza akifuata kwa kidole kwenye MOH 710 kabla haijatiwa saini. Ni dakika chache tu. Kituo chenye wauguzi wawili na foleni hadi langoni hukosa dakika hizo, na hilo ni tatizo la wafanyakazi ambalo hakuna programu itakayolitatua.

Kanuni ambayo haifai

Kaunti ndogo nyingi, zikiona kiwango hasi, huomba mfumo uwekewe kanuni ya uhakiki: Penta 3 isizidi Penta 1. Inasikika vizuri. Katika kituo cha Nairobi ni kanuni mbaya, kwa sababu inamfundisha muuguzi kurekebisha nambari ya kweli ili kompyuta inyamaze. Zahanati hii, baada ya makosa yote kuondolewa, bado ina Penta 3 176 dhidi ya Penta 1 174. Kiwango bado ni hasi, asilimia 1, na hapo hakuna aliyekosea.

Kanuni zinazosaidia ni zile zinazouliza kisichowezekana. Ya kwanza: jumla ya Penta 1, 2 na 3 isizidi chupa zilizofunguliwa mara 10. Ya pili: Penta 3 na nimonia 3 zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, mfumo udai maelezo, na zikilingana ilhali leja inaonyesha kuishiwa kwa mojawapo, udai maelezo vilevile. Ya kwanza ingekamata Februari, ya pili ingekamata Machi, na hakuna hata moja ambayo ingekamata yote mawili. DHIS2 hufanya uhakiki huu data zinapokamilishwa, na kwa kawaida haimzuii mtu kuhifadhi, humwonyesha tu. Kwa hiyo kanuni 40 zinazopiga kelele kila mwezi ni sawa na hakuna kanuni, maana watu huzoea kuzifunga bila kusoma. Tano zilizochaguliwa vizuri zinatosha.

Tukiwa hapo, sifuri. DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri isipokuwa kipengele hicho cha data kimewekwa kihifadhi. Kituo kilichoishiwa mwezi mzima na kituo ambacho hakikujaza fomu vinaweza kuonekana sawa: chumba kitupu. Kwa chanjo, washa mpangilio huo.

Asilimia inavyotengenezwa

Tuseme ripoti zimeshasahihishwa. Dozi 176 bado zinatoa asilimia 149. Inafaa kujua zinavyoitoa.

Idadi lengwa 480 ni ya mwaka. Ili kulinganisha na dozi za robo, kiashiria kilichowekwa kuwa cha mwaka huzidisha dozi kwa siku 365 kugawa kwa siku za kipindi. Robo ya kwanza ina siku 90, kwa hiyo kizidisho ni 4.06. Februari yenye siku 28 inazidishwa kwa 13.04, Januari kwa 11.77. Matokeo yake, dozi 52 zilezile zingesomeka asilimia 128 Januari na asilimia 141 Februari. Ndiyo maana chati za kila mwezi huwa na kilele Februari ambacho watu hukitafutia sababu za kiafya. Na aliyeunda kiashiria akisahau kuweka alama ya mwaka, kituo kinachofanya kazi kikamilifu kitaonyesha asilimia 8 kwa mwezi, na mtu ataitwa ajieleze.

Sasa wageni. Kati ya dozi 176, watoto 29 walifunguliwa mstari mpya kwenye rejista wakiwa na kijitabu kinachoonyesha Penta 1 ilitolewa kituo kingine. Mama wa Eastlands hujifungulia hospitali ya Pumwani au Mama Lucy, mtoto akapata BCG hukohuko, Penta ya kwanza akaipata karibu na kwa shangazi alikokaa arobaini, ya tatu akaileta hapa kwa sababu foleni ni fupi au iko njiani kwenda kwenye matatu. Ukiwatoa 29, wanabaki 147, na asilimia inashuka hadi 124.

Bado imepita 100. Kilichobaki ni kigawanyo chenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Makadirio ya kila mwaka hutokana na hapo, yakagawanywa kwa kaunti ndogo 17, kisha timu ya kaunti ndogo ikagawia vituo kwa mafungu. Fungu la kituo mara nyingi ni kadirio la zamani lililonakiliwa mwaka hadi mwaka, huku magorofa ya kupangisha yakiota upande mmoja wa barabara na kliniki mbili za kibinafsi zikifungwa upande mwingine. Unaweza kuipandishia zahanati hii lengo lake, lakini jumla ya kaunti ndogo haibadiliki, kwa hiyo kituo kingine lazima kishushiwe. Na kituo hicho kingine pengine ndicho kinachosomeka asilimia 58 na kukaripiwa kila robo, ilhali watoto wake wamechanjwa vizuri kilomita mbili kutoka hapo.

Kwa hiyo orodha ya kupanga vituo vya Nairobi kwa asilimia, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, haina maana na inaumiza watu. Asilimia ikokotolewe kwa kaunti, au kwa kaunti ndogo kwa tahadhari. Kituoni yatazamwe mambo matatu: idadi ya dozi ikilinganishwa na mwezi uleule wa mwaka uliopita, upotevu wa chanjo, na watoto ambao majina yao yanajulikana lakini hawajarudi.

Norwei wanahesabu nini

Mara nyingi mtu akiona asilimia 172 husema: tuige nchi za Nordiki. Ni vema kuangalia wanachofanya kwa undani. Norwei ina rejista ya taifa ya chanjo, SYSVAK, na kila dozi huandikwa kwa nambari ya kitambulisho ya mtu, yenye tarakimu 11, ambayo nchi hiyo ilianza kuitoa mwaka 1964. Swali linaloulizwa si "zimetolewa dozi ngapi mwezi huu" bali "kati ya watoto waliotimiza miaka 2 walio kwenye rejista ya wakazi, wangapi wamepata dozi zao". Mtoto anahesabiwa mara moja, hata akidungwa Bergen dozi moja na Oslo nyingine. Asilimia 172 haiwezi kuzaliwa humo, maana kilicho juu ya mstari wa kugawa kimechaguliwa kutoka kwa walio chini yake.

Makosa yao yako upande wa pili. Mtoto aliyechanjwa nje ya nchi huonekana hajachanjwa mpaka mtu aziandike dozi zake, na familia iliyohama bila kutoa taarifa hubaki kwenye orodha ikishusha kiwango. Hesabu yao huelekea kujipunja, yetu huelekea kujitutumua.

Nambari hizo hazikuanguka kutoka mbinguni pia. Uswidi ilianza nambari ya mtu mwaka 1947, lakini sheria ya kanisa ya mwaka 1686 ilikuwa tayari imewadai makasisi waweke vitabu vya waumini vyenye vizazi na vifo. Nambari ilikuja juu ya zaidi ya miaka 250 ya vitabu. Kenya ilijaribu Huduma Namba, nambari moja ya utambulisho kwa kila mtu, kuanzia 2019, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utekelezaji wake haukufuata sheria kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikufanywa kwanza, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeongeza msingi wa kisheria. Lakini mtoto wa wiki 6 anayefika zahanati hii leo anatambulika kwa jina la mama, nambari ya simu na mtaa, na simu hubadilishwa.

Safari ya mawazo si ya upande mmoja, hata hivyo. Mwaka 2020, korona ilipoingia, manispaa za Norwei zilijengewa mfumo wa kufuatilia waliokutana na wagonjwa juu ya DHIS2, programu iliyokomazwa kwa miaka mingi katika wilaya za Afrika na Asia. Haikuhitaji kuanza na sifuri, kwa sababu sehemu ya kufuatilia mtu mmoja mmoja ilikuwa tayari imefanya kazi mahali penye mtandao hafifu kuliko wa Norwei.

Kufuata kundi, kwa karatasi

Kituo hakihitaji kungoja nambari ya taifa ili kujua watoto gani wameachwa. Rejista ya MOH 510 inatosha, ikisomwa kwa kundi. Chukua walioanza Penta 1 hapa kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Januari. Wiki 8 baadaye, yaani kuanzia mwisho wa Desemba hadi mwisho wa Machi, wanastahili Penta 3. Wape mwezi mmoja wa kuchelewa, hadi 30 Aprili. Hapa walikuwa 164, na 139 walikuwa na tarehe ya Penta 3 kwenye mstari wao. Wamebaki 25.

Wanapigiwa simu. Si "kwa nini hukuja?" bali "Mama Fulani, tunapiga kutoka kliniki, tunataka kuandika sindano ya wiki 14 kama mtoto ameshapata." Mlezi anayeogopa kugombezwa atasema ndiyo. Kwa hiyo anaombwa asome tarehe iliyo kwenye kijitabu, au atume picha ya ukurasa. Kati ya 25, watoto 14 wana tarehe ya kituo kingine. Hao huko walikokwenda wamehesabiwa wageni, kama vile 29 wa hapa. Watano walipatikana na hawajachanjwa. Sita simu haipatikani au ni ya mtu mwingine. Hao 11 wanapelekwa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, kila mmoja mwenye kaya 100 hivi, wakiwa na jina, ploti na alama ya karibu: "nyuma ya posho mill, geti la kijani" inafaa kuliko jina la mtaa.

Kwa kundi hili kiwango cha walioachia njiani ni kati ya asilimia 3 na 7, chini ya asilimia 10 ambayo hutumika kama mpaka wa kuanza kuhangaika. Zahanati inafanya kazi nzuri. Lakini ile hasi 17 ilikuwa inasema hakuna mtoto hata mmoja aliyepotea, na chini yake walikuwa wamejificha watano kwa hakika na pengine 11. Watoto ambao hawajawahi kuingia kwenye rejista yoyote hata njia hii haiwaoni. Hao huonekana tu kaya kwa kaya, na ndiko orodha za wahamasishaji, ambazo tangu 2023 zimekuwa zikihamia kwenye simu kupitia eCHIS, mfumo wa kidijitali wa taarifa za afya ya jamii, zinapopaswa kulinganishwa na MOH 510. Kulinganisha kwa mkono mara moja kwa robo kunawezekana. Kulinganisha kila mwezi hakutafanyika, hata kukipangwa kwenye ratiba.

Kusahihisha kilichokwisha kutumwa

Kosa la Februari halirekebishwi kwa kupunguza dozi 19 mwezi wa Aprili ili mwaka "ujisawazishe". Hilo hufanyika sana, na linaharibu miezi miwili badala ya mmoja. Karatasi ya MOH 710 inakatwa mstari mmoja juu ya 71 ili bado isomeke, pembeni inaandikwa 52, tarehe na saini. Hakuna wino mweupe. Nakala inapelekwa kwa afisa wa rekodi wa kaunti ndogo pamoja na ukurasa mmoja wa sababu. Kipindi kikiwa kimefungwa kwenye mfumo, ombi la kukifungua linapitia kwake, na inafaa kupeleka Februari na Machi kwa pamoja, kwa sababu kila ombi hupanga foleni.

Baada ya kubadilisha, usifungue chati papo hapo na kulalamika kwamba bado ni 204: majedwali ya uchambuzi ya DHIS2 kwa kawaida hujengwa upya usiku, kwa hiyo angalia kesho yake. Ukibonyeza mara mbili kwenye kisanduku chenyewe utaona historia ya thamani, nani aliibadilisha na lini. Kisanduku hicho kina nafasi ya maoni, na kwa kawaida huachwa tupu. Kwa Februari iandikwe: "Awali 71. Vijiti 19 vya kliniki ya nje vilihesabiwa mara mbili. Rejista na leja vimekaguliwa." Kwa Machi: "Awali 67, nambari ya nimonia 3. Penta iliisha siku 3." Atakayefungua data hizi akiandaa mpango wa mwaka ujao hatakuwa na mtu wa kumuuliza.